Mguu Mmoja Unaotosha: Jinsi ya Kuchagua Stendi Imara ya Kamera kwa Bei Unayoimudu

Ukipita Kitengela Jumamosi saa nne asubuhi, hukosi kukutana na msafara wa harusi kwenye barabara ya Namanga. Magari yamefungwa riboni, honi zinapigwa, na kando ya barabara kuna kijana anayekimbia na kamera ili awahi kuwapiga picha maharusi kabla hawajashuka. Jumapili kijana huyo atakuwa kanisani. Katikati ya wiki utamkuta kwenye mazishi Isinya au Bissil, na shule zinapofunga atakuwa kwenye mahafali ya watoto wa chekechea. Kwa vijana wengi wa kaunti yetu, kupiga picha ni kazi inayolipa kodi ya nyumba na karo ya wadogo zao.

Kazi hiyo ina ugumu mmoja ambao mteja haujui. Pete huvishwa mara moja. Mzee hubarikiwa mara moja. Jeneza hushushwa mara moja. Picha ikitoka na ukungu, hakuna anayeweza kurudisha saa nyuma, na mteja akikataa kulipa salio huna la kumjibu.

Somo hili nililipata nikiwa mgeni kazini, nimetoka chuoni na shahada yangu ya uanahabari nikidhani nayajua yote. Nilitumwa kwenye kikao cha wananchi kuhusu bajeti, katika ukumbi wenye taa mbili hafifu. Mama mmoja mwenye umri alisimama akauliza kwa nini bomba la maji limefika kwa majirani zake na kwake halijafika. Lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile. Nilimpiga picha kama kumi hivi, na zote zikatoka zimetikisika. Ukurasa ulipochapishwa ulikuwa na picha ya maafisa waliokaa mezani, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa safi. Mama yule hakuonekana. Kilichomkosesha nafasi yake ni mikono yangu iliyokuwa ikitetemeka.

Nilitoka hapo nikanunua stendi ya mguu mmoja, ya bei rahisi kuliko zote nilizoziona. Baada ya wiki chache kifungio chake kiliteleza nikiwa kazini, kamera ikaenda chini na lenzi ikagonga saruji. Fundi alinitoza zaidi ya bei ya stendi nzuri. Makala haya ni ya kumwepusha mkaazi mwingine na hasara hizo mbili: ya picha mbovu na ya kifaa kibovu.

Kifaa chenyewe ni kipi

Wapigapicha hukiita monopodi, na wengi husema tu stendi ya mguu mmoja. Ni bomba moja linalorefuka na kufupika, lenye skrubu juu ya kushikia kamera na mpira chini wa kukanyagia ardhi.

Anayetaka kuelewa jinsi kinavyofanya kazi amwangalie mchungaji akiwa malishoni. Anaweza kusimama saa nzima ameegemea fimbo yake bila kuyumba. Fimbo peke yake haiwezi kusimama, na miguu peke yake huchoka. Vikikutana, fimbo na miguu miwili huwa nguzo tatu. Monopodi ni fimbo hiyo hiyo, ila juu yake pameketi kamera.

Tahadhari ya kwanza: sokoni neno hili limepewa vitu viwili tofauti. Wachuuzi wengi hukiita monopodi hata kile kijiti cha selfi kinachoshika simu kwa mkono. Kijiti hicho kimetengenezwa kubeba simu yenye uzito wa gramu 200 hivi, na hakikukusudiwa kusimama ardhini. Ukifunga kamera juu yake, kitapinda au kuvunjika. Unapoulizia, sema wazi kwamba unataka stendi ya mguu mmoja ya kamera, ya kusimama ardhini.

Kwa nini picha hutikisika

Kamera hufungua dirisha dogo linaloitwa shata, huingiza mwanga, kisha hulifunga. Dirisha hilo likikaa wazi kwa muda mrefu huku mkono ukitikisika, kila kitu kwenye picha huvutika na kuwa na ukungu. Lenzi ndefu inayovuta vitu vya mbali huvuta pia mtikisiko wa mkono wako.

Wapigapicha wana kanuni ya zamani: ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isiwe chini ya moja kugawanya kwa urefu wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50, tumia 1/50 ya sekunde au kasi zaidi. Kwa lenzi ya milimita 200, tumia 1/200 au zaidi. Mchana katika uwanda wa Kaputiei jua ni la kutosha na hilo si tatizo. Shida huanza kanisani, ukumbini, ndani ya hema la harusi, au jioni jua likishazama.

Stendi ya mguu mmoja ikitumiwa vizuri hukuongezea hatua mbili hadi tatu za kasi. Maana yake ni kwamba pale ulipohitaji 1/200, unaweza kushuka hadi 1/50 na picha ya mtu aliyetulia ikatoka safi. Faida haiishii hapo. Ukumbi uliokulazimisha kupandisha ISO hadi 6400, na picha ikajaa chengachenga, sasa unaweza kuupiga kwa ISO 1600. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha inayochapishwa na ile inayofutwa.

Lakini stendi ina mpaka wake. Inazuia kamera kutikisika. Haimzuii anayepigwa picha kusogea. Kijana anayeruka juu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Wamaasai, yaliyoanza mwaka 2012 na hufanyika Kimana, anahitaji kasi ya 1/500 au zaidi hata kamera ikiwa imefungwa kwenye mwamba. Hapo stendi hukusaidia kubeba uzito wa lenzi kwa saa nyingi, ila kasi ya shata haipungui.

Mguu mmoja au mitatu?

Stendi ya miguu mitatu ni bora kwa picha za usiku, picha za familia ambazo mpigapicha naye anataka kuonekana, na video ndefu ya mahubiri isiyohitaji kuhama. Ukiwa nayo unaweza kuiacha kamera na kwenda zako.

Mguu mmoja hufaa penye watu wengi na penye mwendo. Kumbuka Septemba 2020, maelfu ya wanaume wa Kimaasai walipokusanyika katika milima ya Maparasha, hapa Kajiado, kwa sherehe ya Olng'esherr ya kuingia uzeeni. Sherehe hiyo, pamoja na Enkipaata na Eunoto, iliwekwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Katika umati kama ule, miguu mitatu iliyotanuka hukwaza wazee, watoto na hata mifugo. Mguu mmoja unachukua nafasi ya kiatu kimoja, na unauhamisha kwa sekunde moja.

Sherehe za aina hiyo hutokea mara moja kwa kila rika. Anayezipiga picha anahifadhi kumbukumbu ya jamii nzima, na wajukuu watakuja kuziuliza picha hizo.

Mambo saba ya kukagua kabla ya kulipa

*1. Uzito inaoweza kubeba.* Pima kwanza kamera yako pamoja na lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo. Kamera ndogo ya kuanzia na lenzi yake ya kawaida haifiki kilo moja. Kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 70 hadi 200 hukaribia kilo mbili na robo, yaani zaidi kidogo ya pakiti ya unga ya kilo mbili. Chagua stendi iliyoandikwa kubeba angalau mara mbili ya uzito huo. Sababu ni kwamba wewe pia utaiegemea, na maandishi ya kwenye boksi mara nyingi huandikwa na anayetaka kuuza.

*2. Urefu.* Stendi fupi itakuinamisha siku nzima na mgongo utakulipisha. Macho ya mtu mwenye urefu wa sentimita 170 huwa kwenye sentimita 158 hivi. Toa kama sentimita 10 za kamera yenyewe, ubaki na 148. Kisha ongeza sentimita 10 kwa sababu mguu huo huwekwa mbele kwa kuinama kidogo, na pengine utasimama kwenye mteremko. Mtu huyo atafute stendi inayofika karibu sentimita 155 hadi 160. Ukiweka kichwa cha kuzunguka juu yake, toa urefu wa kichwa hicho.

*3. Idadi ya vipande.* Stendi huwa na vipande vitatu, vinne au vitano vinavyoingiana. Vipande vikiwa vingi, stendi hufupika zaidi ikikunjwa na ni rahisi kubeba kwenye bodaboda au matatu. Lakini kila kipande huwa chembamba kuliko kilicho juu yake, na kile cha chini kabisa ndicho hupinda. Vipande vinne ni wastani mzuri kwa wengi wetu. Daima tazama unene wa kipande cha chini: kikiwa chembamba kama kalamu, rudisha.

*4. Vifungio.* Kuna vya lachi, vinavyofunguliwa na kufungwa kwa kidole, na kuna vya kuzungusha kama mfuniko wa chupa. Lachi ni za haraka na kwa jicho unaona kama zimefungwa. Nzuri huwa na skrubu ndogo ya kuzikaza zikilegea. Vya kuzungusha havinasi nguo wala kamba, lakini vumbi likiingia ndani huanza kukwaruza, na mara nyingi mtu husahau kukaza kimoja. Kwa mazingira yetu ya vumbi, anayeanza atatumia lachi kwa urahisi zaidi, mradi ziwe za chuma au plastiki ngumu isiyopinda ukiibana.

*5. Kilichotumika kuitengeneza.* Stendi nyingi za bei ya wastani ni za alumini. Ni imara, hazishiki kutu kama chuma, na zikigongwa hubonyea kabla ya kuvunjika. Za nyuzi za kaboni ni nyepesi na hazichomi mkono juani, lakini bei yake huwa juu sana. Kwa mtu anayepiga harusi mbili au tatu kwa mwezi, tofauti ya gramu mia mbili haistahili gharama hiyo. Alumini inatosha.

*6. Skrubu na kichwa.* Skrubu ya kamera karibu zote ni ya robo inchi. Stendi nzito huwa na skrubu ya tatu kwa nane ya inchi kwa ajili ya kichwa. Nzuri huwa na zote mbili, moja ikijificha ndani ya nyingine. Kwa anayepiga picha pekee, kichwa si lazima mwanzoni. Ukitaka kuinua na kushusha kamera, kichwa kinachoinama upande mmoja tu kinatosha na ni salama kuliko kile cha mpira wa duara, ambacho kikilegea kamera huanguka upande wowote. Lenzi yako ikiwa na pete yake ya kufungia, funga stendi kwenye pete hiyo, si kwenye kamera.

*7. Mguu wa chini.* Mpira uwe mpana na wenye michirizi. Uvute kwa mkono uone kama unatoka, kwa sababu mpira unaotoka kirahisi utabaki siku moja kwenye tope la Kitengela. Ukipotea, usitupe stendi: mpira wa mkongojo unaouzwa na wauzaji wa vifaa vya matibabu mara nyingi hutosha. Nenda na stendi yenyewe ukapime.

Jaribio la dakika tano dukani

Muuzaji mwaminifu hatakataa ujaribu bidhaa yake. Fanya hivi:

Kwanza, irefushe hadi mwisho na ufunge vifungio vyote. Pili, simamisha wima, weka viganja viwili juu yake, kisha kandamiza polepole ukiongeza uzito. Isiteleze hata kidogo. Kama kuna mizani ya kupimia watu, simamisha stendi juu ya mizani na ukandamize hadi isome kilo 10. Tatu, shika juu na chini, jaribu kuizungusha kama unayekamua nguo. Vipande visizungukane ndani ya vingine. Nne, ifungue na kuifunga mara 10 mfululizo, kisha rudia kuikandamiza. Kifungio kibovu hujionyesha hapo. Tano, funga kamera yako mwenyewe juu yake uone kama inakaa sawa bila kucheza.

Ukinunua iliyotumika, kagua zaidi kipande cha chini kama kimepinda, skrubu ya juu kama imelika meno, na ndani ya bomba kama kuna mchanga. Kiviringishe kipande hicho mezani: kikirukaruka, kimepinda.

Kisha omba risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili kuitumia vizuri. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inaitilia nguvu haki hiyo. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulinunua wapi na lini.

Hesabu ya pesa

Jarida hili halipigii debe kampuni wala duka lolote, na bei hubadilika. Badala ya kutaja bei, tunakupa njia ya kufikiria.

Tuseme umepata stendi ya Sh1,500 inayoharibika kila baada ya miezi minne. Kwa mwaka utanunua tatu, na kwa miaka mitano utanunua 15, jumla Sh22,500. Jirani yako amenunua moja ya Sh5,000 ikadumu miaka mitano hiyo. Nani amenunua rahisi? Na hapo hatujahesabu lenzi inayoweza kuvunjika siku ile kifungio kitakapoteleza. Rahisi ghali.

Upande wa pili, usinunue stendi inayozidi thamani ya kazi yako. Kama kamera yako ni ya kuanzia, stendi ya bei kuliko kamera ni mapambo. Pesa hiyo ingekuletea betri ya pili au kadi nyingine ya kumbukumbu, na hizo nazo huokoa harusi.

Anayefikiria mkopo mdogo, mfano Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 2022 na inayopatikana kwa simu kupitia *254#, afahamu masharti. Mkopo wa mtu binafsi huanzia Sh500 na hutozwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ukilipwa katika siku 14. Kwa Sh4,000, riba ya siku hizo ni takriban Sh12. Asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba yako, kwa hiyo mkononi utapata Sh3,800. Riba ni ndogo, ila siku 14 ni chache. Chukua mkopo huo ukiwa tayari na kazi iliyolipiwa amana, usikope kwa matumaini.

Wapigapicha waliosajili biashara zao wasisahau pia mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kupiga picha na video ni huduma ambayo taasisi za umma huinunua.

Ukishainunua, isimamie vizuri

Stendi nzuri mikononi mwa asiyejua kuitumia ni bomba tu. Tanua miguu yako kwa upana wa mabega. Weka mguu wa stendi mbele yako kidogo, uinamie kuelekea kwako, ili miguu yako na wake ifanye pembetatu. Bana viwiko kwenye mbavu. Mkono wa kushoto ukandamize kamera au lenzi kuelekea chini, na paji la uso ligusane na kamera. Toa pumzi nusu, tulia, kisha bonyeza polepole. Piga tatu au nne mfululizo. Mara nyingi ya pili huwa safi kuliko ya kwanza kwa sababu kidole kimeshatulia.

Kama lenzi yako ina kidhibiti cha mtikisiko, kiache kikiwa kimewashwa. Unapomfuata mkimbiaji kwenye michezo ya shule, uache mguu ardhini na uzungushe kiuno badala ya mikono.

Usiiache stendi ya mguu mmoja ikisimama peke yake hata kwa sekunde, hata ikiwa na vile vijiguu vitatu vidogo chini. Upepo wa Kitengela unatosha kuiangusha. Na usiiinue juu ya kichwa karibu na nyaya za umeme, maana alumini hupitisha umeme.

Udongo wetu, vumbi letu, magadi yetu

Kila kaunti na adha zake. Sehemu kubwa ya Kitengela na Isinya ina udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Penye tope, weka kifuniko cha plastiki au kipande cha ubao chini ya mguu usizame. Penye nyufa, tazama unapokanyagia, maana mguu ukiingia kwenye ufa unaweza kupinda.

Vumbi ndilo adui wa kila siku. Ukirudi nyumbani, panguza stendi kwa kitambaa kikavu kabla ya kuikunja. Ukiikunja na vumbi, umelifungia ndani. Mara moja kwa mwezi, fungua vipande, futa ndani, kausha, kisha rudisha. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi nyingi kwenye vifungio, kwa sababu vumbi hushikamana na mafuta na kuwa kama msasa.

Anayepiga picha ziwani Magadi aongeze bidii. Maji na vumbi la magadi hula alumini. Siku hiyo hiyo, suuza kipande cha chini kwa maji safi na ukikaushe.

Na kwa wanaokwenda Amboseli: ndani ya hifadhi hukai nje ya gari isipokuwa mahali palipotengwa, kwa hiyo mguu mmoja hauna nafasi kubwa. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze mahindi au maharagwe, uuweke kwenye dirisha na ulaze lenzi juu yake. Bei yake ni ndogo sana, na ndovu hatajua tofauti.

Kwa asiye na pesa kabisa leo

Nunua boliti ya robo inchi inayoingia kwenye tundu la chini la kamera, lakini isiwe ndefu kiasi cha kugusa ndani. Ifunge kamba ngumu inayofika ardhini. Kanyaga ncha ya kamba, vuta kamera juu hadi kamba ikaze, kisha piga. Mvuto huo hupunguza mtikisiko kwa kiasi cha kushangaza. Si mbadala wa stendi, lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Heshima kwa anayepigwa picha

Kifaa kizuri kinakupa uwezo wa kupiga picha safi ya mtu aliye mbali, pengine bila yeye kujua. Uwezo huo una wajibu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo kabla ya kutumia picha ya mtu kutangaza biashara yako, omba ruhusa. Kwa mtoto, omba kwa mzazi au mlezi. Katika sherehe za kimila, waamkue wazee kwanza na uwaulize ni sehemu zipi hazipigwi picha. Ukikatazwa, shusha kamera.

Tangu siku ile ya ukumbini nimekuwa nikienda kwenye vikao vya wadi na stendi yangu ya alumini, ya vipande vinne, isiyo na jina kubwa. Wakati wa maswali huwa nasimama upande wa wananchi, mguu wa stendi karibu na kiatu changu, lenzi ikiwaelekea wao. Mkaazi anayesimama kuuliza kuhusu maji, barabara au dawa anastahili picha iliyo safi sawa na ya anayemjibu.

Kwa hiyo wewe kijana wa Kitengela, Ngong, Kiserian, Namanga au Loitokitok unayeweka akiba ya kifaa cha kwanza: beba kamera yako, nenda dukani mchana, fanya jaribio la dakika tano, na usione haya kuondoka bila kununua. Ikiteleza mkononi dukani, itateleza harusini.